Usimpe Kanda ya Mama Yako Mtu Asiyekuuliza Maswali

Wikendi hii ukienda nyumbani, fungua kabati lililo chini ya TV. Si lile la vikombe vya wageni, lile lingine, lenye waya za redio iliyokufa na rimoti zisizo na wenyewe. Kama wazazi wako walioana miaka ya themanini au tisini, kuna uwezekano mkubwa utakuta kanda nyeusi, kubwa kama kitabu, imeandikwa HARUSI kwa kalamu ya biki. Hiyo ndiyo VHS. Kama una miaka kumi na nane, pengine hujawahi kuona moja ikicheza. Niamini mimi, hiyo kanda ina thamani kuliko TV iliyo juu yake.

Shida yangu si kanda, ni kile watu wanafanya wakishaipata. Wanaitia kwenye mfuko, wanashuka tao, wanaingia duka la kwanza lenye bango la kuhamisha VHS, na swali lao la kwanza na la mwisho ni moja: "Ni pesa ngapi?" Manze, hata kinyozi tunamuuliza zaidi ya hapo.

Niwaambie kwa nini hii stori inanichoma. Baba yangu alifariki 2003. Nilikuwa na miaka mitatu. Picha zake tunazo, albamu mbili nzima, akiwa na suti, akiwa na ng'ombe, akiwa amenibeba kama gunia la viazi. Sauti ndiyo hatukuwa nayo. Mama alikuwa anatuambia kwamba kwenye kanda ya harusi yao ya 1998 kuna mahali Baba anasimama kutoa shukrani, lakini deki yetu ilikufa kabla mimi sijaanza shule. Kwa hivyo nilikua nikijua kwamba sauti ya baba yangu iko sebuleni, chini ya kitambaa cha mama, na hakuna njia ya kuitoa. Nilipoanza kutafuta mtu wa kuhamisha hiyo kanda, sikuwa natafuta picha safi. Nilikuwa natafuta dakika chache za mtu akiongea. Na kanda ilikuwa moja. Hakuna kuomba nyingine.

Ndiyo maana nilizunguka karibu mwezi mzima kabla ya kuitoa nyumbani. Ndugu yangu alinicheka sana. "Si ni kanda tu, siste."

Hebu kwanza tuelewane kuhusu hii kitu. VHS ililetwa na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976. Ndani kuna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, na juu ya plastiki kuna unga wa sumaku ulioshikwa na gundi. Picha ya mama yako akikata keki ni mpangilio wa huo unga, basi. Ukiweka kanda kwenye deki, utepe unavutwa nje na kuzungushwa kwenye ngoma ya chuma ambayo, kwa mfumo tuliotumia hapa Kenya, inazunguka mara 25 kwa kila sekunde. Kwa hivyo kila unapoicheza, chuma na plastiki vinasuguana. Kama gundi imelegea, unga unabaki kwenye chuma, na kilichobaki kwenye chuma hakirudi tena kwenye kanda. Ni kama chaki ubaoni.

Sasa ongeza hili: deki zenyewe zimeisha. Funai ya Japani, ambayo ndiyo ilikuwa imebaki ikizitengeneza, iliacha mwaka 2016. Deki yoyote unayoiona leo Luthuli ni ya zamani, imepitia mikono mingi, na spea zake zinatoka kwa maiti za deki nyingine. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na video walitoa tahadhari kwamba rekodi nyingi za kanda za sumaku duniani, zisipohamishwa kufikia 2025, zinaweza zisihamishike tena. Wenye akili walikuwa wanaongea kuhusu maktaba na vituo vya utangazaji. Lakini kabati la mama yako nalo ni maktaba, tena halina kiyoyozi.

Kwa hivyo nilifanya hivi. Niliacha kanda ya harusi nyumbani, nikabeba nyingine ya Mjomba: fainali ya Kombe la Dunia ya 1998, aliyoirekodi mwenyewe kutoka kwa TV. Nilichagua hiyo kwa sababu hata ikipotea, mwisho naujua. Ufaransa 3, Brazil 0.

Duka la kwanza lilikuwa na kijana mchangamfu sana, bei poa, shilingi 500. Hakuifungua kanda kuiangalia. Aliitupa tu kwenye rundo la nyingine na kuniambia, "Siste, hii nitakutolea 4K." Hapo ndipo nilianza kutabasamu kwa uchungu. Chukua hesabu hii uende nayo: picha ya kanda ya mfumo wetu, ikigeuzwa kuwa ya kidijitali, inakaa kwenye pikseli 720 kwa 576. Ile 4K ni 3840 kwa 2160. Piga kwenye kikokotoo cha simu: ni mara ishirini kamili. Maana yake, kati ya kila pikseli ishirini atakazokupa, kumi na tisa zimebuniwa na kompyuta. Haijawahi kuona uso wa baba yako, inakisia tu. Mtu anayekuahidi 4K kutoka kwa VHS ama hajui kazi, ama anajua na anakupima.

Nilirudi siku iliyofuata kuchukua. Zidane alikuwa amenenepa. Sitanii. TV za zamani zilikuwa za umbo la mraba kidogo, nne kwa tatu, na huyu jamaa alikuwa ameivuta picha ijaze kioo cha kisasa, kwa hivyo wachezaji wote walikuwa na mabega kama kabati na mpira ulikuwa umbo la yai. Chini ya skrini, mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na nambari ya simu ya duka. Sauti ilikuwa inatoka sikio moja. Halafu kuna kitu kilinikera kuliko hivyo vyote: wakati nasubiri risiti, TV ya pale kaunta ilikuwa inaonyesha harusi ya watu. Watu nisiowajua, bibi arusi analia, shangazi zake wanacheza, na sisi kastoma tumeketi tunakula njugu tukitazama. Nikamuuliza kama hao ni jamaa zake. "Zii, ni kazi ya kastoma. Nimeiweka watu waone kwaliti."

Wenye harusi walijua? Aliniangalia kama nimeuliza swali la hesabu ya fomu foo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na picha inayokutambulisha ni data yako. Lakini hata bila sheria, jamani. Mimi hupata riziki kwa kuweka uso wangu mtandaoni, na najua tofauti kati ya kitu nilichochagua kuonyesha na kitu nilichochukuliwa. Yule bibi arusi hakuchagua. Kwa hivyo swali langu kwa kila mtu wa kanda siku hizi ni: ukishanipa faili, yako unaifuta lini? Akisita, nachukua kanda yangu.

Duka la pili lilikuwa ndani ya moli, sakafu inang'aa, msichana wa mapokezi mwenye adabu, bei mara tatu. Nikauliza kama naweza kuona deki. Ikatokea kwamba deki hawana. Kanda zinapelekwa kwa "mtu wetu". Wapi? "Ni mtu wetu tu." Anabebaje, kwa boda? Kimya. Hapo sikuacha hata Zidane. Sina ubaya na anayetumia fundi wa nje, biashara nyingi ziko hivyo, lakini kama kanda yangu inasafiri nataka kujua inaenda wapi na nani ataikalia.

Niliyemwachia mwishowe ni mzee mmoja mwenye kachumba juu ya duka la vitambaa, ngazi ya tatu, hakuna hata bango. Simtaji kwa sababu ameniomba nisimletee foleni. Nilimpata kupitia kwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na hii ni siri ndogo nawapa bure: wanakwaya na watu waliokuwa wakipiga video za harusi zamani wanajua nani bado ana mashine nzuri.

Nilimpa ile kanda ya mpira, nikamwambia nina nyingine ya maana nyumbani. Badala ya kutaja bei, akaanza kunihoji.

"Hiyo nyingine imekaa wapi miaka hii yote, mami?"

"Kwa kabati, mzee. Chini ya TV."

"Hapa Nairobi au kuna wakati ilikaa pwani?"

"Hapa hapa."

"Ilichezwa lini mara ya mwisho? Ilisimamishwa katikati au ilirudishwa mwanzo? Ni ya kwanza au ni nakala? Kuna mtu mwingine wa familia mwenye nakala?"

Hilo la mwisho lilinishangaza. Akanieleza kwamba zamani mpiga video alikuwa anabaki na kanda ya kwanza, na familia zinapewa nakala, na kila nakala ya kanda inapoteza ubora kidogo kuliko iliyotangulia. Lakini nakala mbili hazizeeki sawa. Pale yako imekunjika, ya shangazi inaweza kuwa nzima. Miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani alikuwa amefikiria kuuliza. Nikampigia Mama, na kweli, Shangazi wa Mombasa alikuwa nayo.

Ikatumwa kwa basi. Mzee alibonyeza kile kitufe kidogo cha pembeni ya kanda, mfuniko ukafunguka, akamulika kwa tochi ya simu. Kwenye kingo za utepe kulikuwa na madoa meupe kama unga wa ngano. Ukungu. Hewa ya Mombasa ina maji, na ukungu unapenda gundi ile. Akaifunga, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuniambia hataiweka kwenye deki yake hata nikimlipa mara tano, mpaka isafishwe, kwa sababu ukungu ukishika kile chuma cha kusoma, kanda ya kastoma anayefuata itaambukizwa. Ningekuwa nimeenda kwa yule kijana wa 4K, ile kanda ingekuwa imeingia mashineni kabla sijamaliza kusema jina langu. Ninyi mnaopenda kastoma kea ya tabasamu, hebu fikirieni hapo. Huyu mzee hakutabasamu hata mara moja. Alikataa pesa zangu, na mimi nikajua nimefika.

Ile ya mpira niliipata baada ya siku mbili. Zidane alikuwa na mwili wake wa kawaida, na pembeni mwa picha kulikuwa na mistari miwili myeusi, kushoto na kulia, kama inavyotakiwa. Ndipo nikaenda nyumbani kuchukua ya harusi.

Niliomba kukaa, na akakubali, kwa sharti nisimsumbue. Hii nayo ni kipimo. Kanda hainakiliwi kama faili ya simu. Inachezwa mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wake. Kanda ya E-180 ni dakika 180, kwa hivyo ni saa tatu, hakuna njia ya mkato, na kama ilirekodiwa kwa mwendo wa pole inakuwa sita. Mtu mwenye deki moja akikuahidi kanda kumi ifikapo jioni, fanya hesabu hiyo tena kwenye kikokotoo chako.

Kwanza aliangalia ule ulimi mdogo wa plastiki mgongoni mwa kanda. Ukiwa mzima, deki inaweza kurekodi juu ya kanda, kidole kikikosea tu. Wetu ulikuwa mzima miaka yote hiyo, aki. Akauvunja kwa bisibisi. Akasafisha chuma cha deki kwa alikoholi. Akaizungusha kanda hadi mwisho na kuirudisha mwanzo, ili utepe ujipange upya baada ya kulala miaka ishirini na kitu. Kisha akacheza.

Picha ilikuja. Mama, mwembamba ajabu. Sauti ikaja kama nyuki ndani ya debe. Bzzzz. Moyo wangu ulienda chini kabisa. Nilikuwa tayari kulia, si kwa uzuri.

Mzee hakushtuka. Alinieleza, akiwa amenigeuzia mgongo, kwamba kanda nyingi za VHS zimebeba sauti mahali pawili. Kuna sauti ya ubora wa juu, inayosomwa na ile ngoma inayozunguka pamoja na picha, na hiyo ikikosa kulingana sawasawa na mashine inaunguruma. Halafu kuna sauti ya kawaida, imelala ukingoni mwa utepe kama pindo la shuka, inasomwa na chuma kingine kabisa kilichotulia. Deki nzuri inakuruhusu kuchagua. Alibonyeza kitu, nyuki wakanyamaza, na kwa mbali, na shhh kidogo nyuma yake, nikasikia MC akiita meza ya wazee ije kula.

Yule kijana wa kwanza hakuwahi kuniuliza kuhusu sauti. Wala wale wa moli. Wote walikuwa wanauza picha. Lakini waulize watu waliofiwa wanataka nini kutoka kwa kanda, uone kama kuna atakayetaja pikseli.

Baba alianza kuongea kwenye saa ya pili. Ana sauti nyembamba kuliko nilivyojipangia kichwani. Nilikuwa nimempa sauti nzito, ya mtangazaji wa redio, sijui niliitoa wapi. Anamshukuru baba mkwe, anataja mbuzi, watu wanacheka, anasahau jina la mchungaji, anageuka kumuuliza Mama kwa kunong'ona na maikrofoni inashika kila kitu. Halafu anamwambia mpiga video, "Boss, toka kwa jua, ingia kivulini." Dakika tatu na sekunde arobaini. Ndugu yangu anaongea hivyo hivyo. Hiyo "boss" ni yake kabisa.

Kuhusu vile nilivyoichukua, nitasema haraka. Nilikataa DVD, kwa sababu hakuna laptopu nyumbani yenye mahali pa kuiweka. Nilichukua faili mbili: moja kubwa, karibu gigabaiti 13 kwa kila saa, ya kuhifadhi bila kuguswa, na nyingine ndogo ya MP4 ya kutuma kwa familia. Mtu akikupa harusi ya saa tatu nzima kwenye faili ya megabaiti mia tano, ameikamua mpaka nyuso zimekuwa uji, mrudishie. Nilimwambia asikate kitu, hata zile dakika kumi za kamera ikiwa imesahaulika mezani ikionyesha soda. Huyo mtoto anayepita nyuma ya soda ni binamu yangu. Faili ziko kwenye hadi diski ya Mama, kwenye yangu, na mtandaoni kwa ndugu yangu. Na kanda yenyewe nilirudi nayo nyumbani, maana kuna watu wanatupa kanda ikishahamishwa, ama duka linabaki nayo. Hapana. Faili ikiharibika, hiyo ndiyo ya kurudia.

Kitu kimoja zaidi kwa wale wenye jamaa majuu. Ukipata kanda iliyotoka Marekani na kwenye deki ya hapa inakuja bila rangi ama picha inapanda na kushuka kama lifti, usiitupe. Sisi tulitumia mfumo wa PAL, mistari 625, wao NTSC, mistari 525. Kanda iko sawa, inataka tu deki inayoelewa zote mbili. Muulize fundi kabla hajaigusa. Akikuuliza NTSC ni nini, mshukuru na uondoke.

Mmeniomba niweke hotuba ya Baba hapa. Nilimuuliza Mama. Alisema hapana, na haitawekwa.

Sasa hivi niko na kibarua kingine. Shangazi aliposikia, alitoa kikanda kidogo kutoka kwa sanduku, kidogo kama kaseti ya muziki, cha kamera aliyokuwa nayo mwaka 1996. Wengi watakwambia kuna kopo la kukiingizia kwenye deki ya VHS. Hilo kopo ni la VHS-C. Hiki ni Hi8, utepe wake ni wa milimita 8, na ukikilazimisha utakimaliza. Nilimpelekea mzee, akakigeuza mara moja tu na kusema mashine ya hiyo hana, na wale wawili anaowajua waliokuwa nayo, mmoja alifunga duka na mwingine kamera yake imekataa kumeza kanda. Kama baba yako ama mjomba wako ana kamera ya Hi8 inayocheza bado, nijulishe. Niko tayari kuja na kanda ya majaribio kwanza.